Nilivyozisokota Nyaya za Swichi ya Presha

Nafundisha fizikia sekondari, na hilo ndilo lililoniponza. AC ya gari langu ilipogoma, niliona aibu kumpelekea fundi kitu ninachokifundisha ubaoni. Nikafungua boneti nyumbani Mtoni, nikatazama video mbili kwenye simu, nikagundua kwamba swichi ya presha ndiyo inayoizuia kompresa isiwake. Basi nikazikata nyaya zake mbili, nikazisokota pamoja, nikazungushia utepe mweusi. Kompresa ikaanza kuzunguka. Nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Hewa ilikuwa ya uvuguvugu; nikamwambia baridi inakuja, aipe muda.

Kesho yake nilimpeleka mama mkwe Mikocheni kupima macho. Njia nzima nilimweleza jinsi nilivyojitengenezea AC mwenyewe, na jinsi mafundi wanavyowaibia watu wasiosoma. Yeye alijipepea na kadi ya kliniki, akiitikia, "Sawa, baba." Tulipokaribia kufika, mbele kukasikika mlio mkali, kisha moshi wa mpira ukatoka kwenye boneti.

Tulisukumwa hadi gereji ya jirani. Fundi wa AC alikuwa dada mmoja mpole. Aliinama, akabandua utepe wangu.

"Nani aliunga hapa?"

"Kuna fundi mmoja wa Mtoni," nikasema.

"Hiyo swichi inakata umeme gesi ikiisha. Mafuta ya kompresa yanasafiri na gesi. Huyo fundi ameilazimisha izunguke kavu mpaka imekwama na kuunguza mkanda. Usimpe tena gari lako."

"Atamnyimaje?" mama mkwe akasema taratibu. "Fundi ndiye huyu. Ni mwalimu wa fizikia."

Fundi hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Mama mkwe akapanda bajaji kwenda kupima macho, akarudi akatukuta bado tupo. Fundi alikuwa ameziba palipovuja, amefunga kompresa nyingine na mkanda mpya, na kujaza gesi. Zilizobaki zilikuwa zile nyaya mbili. Akanikabidhi niziunge mwenyewe kwenye swichi. Nikaziunga polepole, nikikagua kila hatua kama mtahiniwa. Nilipomaliza akasema, "Umeweza, mwalimu," kwa sauti ileile ninayomwambia nayo mwanafunzi anayeshika mkia darasani.

Safari hii baridi ilikuja kweli. Mama mkwe akajitanda khanga. Tulipoingia Barabara ya Kilwa aliniomba nizime, maana baridi inamuumiza magoti.