Nilivyokwenda Guangzhou Kumchukua Baraka Kwenye Mpira wa Rungu

Hivi mwenzangu, wewe umeshawahi kutoka Kahama mpaka Uchina kumfuata mume, ukamkuta uwanjani na rungu mkononi, akakwambia subiri kidogo, niko kazini? Mimi nimeshafanya. Na usinitazame hivyo. Mume mwenyewe ni Baraka, mjukuu wangu, mtoto wa Ester. Bibi na mjukuu kwetu ndivyo tunavyoitana tangu alipokuwa anatambaa. Mpaka leo akipiga simu anaanza, "Mke wangu, umekula nini?"

Sababu ya kuondoka ni yeye. Baraka ana miaka thelathini na miwili na kazi yake ni mpira. Siyo huu wa miguu, huu ningeuelewa. Wake unaitwa besiboli. Alifundishwa sekondari na mwalimu mmoja wa Kijapani aliyekuja kujitolea, tukadhani ni mambo ya shule yataisha na shule. Hayakuisha. Akaenda kucheza Uganda, wakamwacha. Akaenda Afrika Kusini, misimu miwili, wakamwacha. Akaenda Japani kwenye kamji fulani kenye theluji ya kufika kiunoni, huko nako wakamshukuru, wakamwacha. Kila alikoachwa sisi tulikuwa tunajua baadaye, tena kwa watu, maana yeye kwenye simu ni "Bibi, mambo mazuri tu." Sasa ana mwaka wa pili Guangzhou.

Ester mwanangu ana duka la nguo pale mjini kwetu, na mzigo wake huwa anaufuata hukohuko Guangzhou. Safari hii akaniambia, "Mama, twende wote. Mimi nimeshamsema mtoto mpaka mdomo umekauka. Wewe atakusikia. Umlete, asimamie duka, aoe, yaishe." Nikakubali upesi, na sikufichi, nilifurahi. Nimeshazeeka, nataka mume wangu awe karibu. Jumapili kanisani, wenzangu walipokuwa wanaomba tufike salama, mimi chinichini nikaongeza langu: Bwana, hiyo timu nayo imwache.

Siku ya Jumatatu tukaondoka. Basi mpaka Dodoma, halafu ile treni ya umeme mpaka Dar. Jamani, ile treni. Nilimwambia Ester hata tukirudia hapa mimi nimeshasafiri. Jumanne tukapanda ndege. Nilikaa dirishani nikaona mawingu yako chini yetu kama pamba iliyoanikwa, nikaangalia mpaka shingo ikauma. Walileta chakula kwenye kisahani chenye mifuniko mingi, kila ukifunua unakuta kidogo. Nikafunua vyote nikaunganisha, nikapata mlo mmoja wa mtu mzima.

Tulipofika Baiyun, huo ndio uwanja wao wa ndege, nilikuwa na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, nimemletea Baraka. Askari akaufungua, akanusa, akamwita mwenzake naye akanusa. Nikachukua kimoja nikatafuna mbele yao waone ni chakula. Wakanitazama natafuna mpaka nikamaliza, halafu wakauchukua mfuko.

"Nilikwambia, Mama," Ester akasema.

"Uliniambia watauchukua. Hukuniambia watanitazama."

Nje tukamkuta Baraka. Mrefu, kakauka na jua, mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto. Akaninyanyua juu na mkoba wangu.

"Mke wangu, umekuwa mwepesi."

"Ni mawazo. Nimeolewa na mtu hatulii nyumbani."

Akacheka, akatuingiza kwenye treni inayopita chini ya ardhi. Nilimuuliza mara tatu kama wanaoishi juu wana habari kwamba tuko huku.

Jumatano na Alhamisi ilikuwa kazi ya Ester, Guangyuan Xilu. Hiyo ni barabara yenye majengo ya nguo, yaani jengo zima ni jinzi, lingine zima ni magauni ya watoto, ghorofa juu ya ghorofa. Wanunuzi wanatembea, na wabeba mizigo wanakuja na marobota nyuma yako, usiposogea unasogezwa. Ester anamwita kila muuzaji laoban, bosi. Nikamuuliza, sasa kama kila mtu ni bosi, nani anafanya kazi? Akanikalisha juu ya robota, akaniambia nisimame likiondoka. Hapo juu ya robota wakinamama wa Kikongo walipita wakanisalimia, "Bonjour Mama, habari ya safari?" Nikajibu yote mawili pamoja.

Hapo ndipo nilipomjua Lin. Ni mwanamke wa Kichina anayepokea mizigo ya Watanzania na kuipeleka bandarini Nansha ipakiwe kwenye meli. Kiswahili amekipata kwa wateja wake, Kiswahili cha Kariakoo kabisa. "Shikamoo bi mkubwa, karibu, mzigo wenu usiwe na presha." Nilimpenda papo hapo. Akaniambia Jumamosi atanipeleka mpirani mwenyewe, maana Ester atakuwa anafunga marobota.

Ijumaa jioni Baraka alikuja kula na sisi kwa mama mmoja wa Lubumbashi anayepika ugali na samaki. Ester akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikaanza.

"Mume wangu, hawa wa hapa wanakutaka au nao wamechoka?"

"Mambo mazuri tu, Bibi."

"Hayo mazuri nimeyasikia Uganda, nikayasikia Afrika Kusini, nikayasikia Japani. Nimekuja na ndege. Nipe jibu la mtu aliyekuja na ndege."

Akawa anamchambua samaki asiye na mwiba tena. Halafu akasema mkataba unaisha mwezi huu. Kesho ni mechi ya mwisho, na baada ya hapo kocha anasema nani anabaki. Vijana ni wengi, wana nguvu, yeye kwenye timu anaitwa mzee. "Kesho lazima niupige mbali, Bibi. Wanatafuta mtu wa kuupiga mbali. Nikiupiga ukavuka ukuta, nimebaki."

"Na usipovuka?" mama yake akauliza.

"Nafunga begi, narudi na nyinyi. Sibishani tena."

"Na wakikutaka?" nikauliza mimi.

"Mniache mwaka mmoja, bila kunisema kwenye simu."

Tukapeana mikono watatu. Ester alikuwa anatabasamu. Mimi nilimwangalia yule mtoto, nikaona vidole vyake vinaugonga ukingo wa meza, na ile sala yangu ya kanisani ikaanza kuniwasha kidogo.

Jumamosi asubuhi Lin akanipeleka uwanjani. Watazamaji tulikuwa wachache, wazazi na maboksi yao ya chakula. Ngoja nikueleze mchezo kama nilivyouelewa. Unaijua rede tuliyocheza na wasichana? Basi ni rede ya watu wazima. Mmoja anarusha mpira kwa hasira, mwingine ana rungu anaupiga, halafu anakimbia kuzunguka vigodoro vyeupe vilivyowekwa kwenye pembe. Akizunguka vyote akarudi alikoanzia, ni bao. Wakimwahi na mpira kabla hajagusa kigodoro, ametoka, anakwenda kukaa. Wanaodaka wamevaa glovu kubwa kama za kuepulia sufuria.

Zamu ya kwanza ya Baraka, alilipunga rungu hewani mara tatu, hakugusa kitu. Akakaa. Zamu ya pili aliupiga ukaenda juu, nikasimama, ukashuka kwenye glovu ya mtu. Akakaa. Mungu ananisikia, nikawaza, na sikufurahi hata kidogo. Ukiomba kitu ukaona kinakuja na sura ya mtoto wako imeinama namna ile, unatamani ukirudishe.

Mchana ukafika, timu zimefungana, mchezo umebaki kidogo. Mwenzake Baraka mmoja alikuwa amesimama kwenye kigodoro cha pili anasubiri kusogezwa. Zamu ikawa ya Baraka. Nikamwona yule kocha, mzee mfupi, anajikuna. Akagusa sikio, akagusa pua, akajifuta tumbo, akarudi sikioni.

"Huyu baba ana ukurutu?" nikamuuliza Lin. "Kuna dawa, muarobaini unachemsha."

"Sijui, bi mkubwa. Labda mbu."

Baraka naye alikuwa anamtazama. Akamtazama kwa muda, kama mtu anayeomba aambiwe tena. Kocha akajikuna upya, vilevile. Baraka akarudi kwenye nafasi yake, mrushaji akarusha, na mwanamume mzima, mwenye mkono ule, badala ya kuupiga mbali akaushikia mpira rungu kwa ulaini, kama anayemgusa mtoto aliyelala. Mpira ukadondoka hapo miguuni, ukabingirika kivivu. Akakimbia, wakamwahi mapema kabisa. Ametoka.

Nikasema basi, imeisha. Kachoka, hana hata nguvu ya kuinua rungu. Na kwetu mtu akipatwa na jambo haachwi atembee peke yake mbele za watu, anafuatwa, anafunikwa, anashikwa mkono. Nikafungua kanga yangu ya juu, nikashuka ngazi, nikakuta kageti hakajafungwa, nikaingia uwanjani.

Nilisikia filimbi, nikasikia watu. Sikusimama. Mwamuzi akanyoosha mikono, mchezo ukasimama wote, wale wa glovu wakanitazama kama wale askari wa michembe. Nikamfikia Baraka, nikamtupia kanga mabegani.

"Twende, baba. Umefanya vya kutosha. Twende nyumbani."

"Bibi," akasema taratibu, "uko katikati ya uwanja."

"Najua niko wapi. Nimekufuata."

Kocha akaja anakimbia, Lin naye nyuma yangu kashika viatu mkononi. Kocha akauliza, Lin akaniuliza, "Bi mkubwa, anasema wewe ni nani, unataka nini?"

"Mwambie nimekuja kumchukua mume wangu."

Na Lin, Mungu ambariki, akatafsiri vilevile nilivyosema.

Kocha alinitazama. Akamtazama Baraka. Wachezaji wawili wa karibu wakageuza migongo, nikaona mabega yanatikisika. Baraka akajifunika uso na ile kanga. Mwamuzi akasogea asikie vizuri.

"Anauliza mmeoana lini," Lin akasema, naye macho yamemtoka.

"Siku aliyozaliwa. Ni mjukuu wangu huyu, Lin, ni utani wetu. Mwambie asihangaike, tunaondoka tu."

Lin akaeleza kwa kirefu. Kocha akacheka mpaka akajishika magoti. Halafu akaacha kucheka, akaongea huku ananionyesha kwa kidole kule kwenye kigodoro cha tatu. Yule mwenzake Baraka aliyekuwa cha pili sasa alikuwa amesimama cha tatu.

"Anasema, bi mkubwa, mumeo hajashindwa. Ndiyo amefanya kazi yake. Yeye kocha alimwambia kwa mikono, kule kujikuna ndiko kumwambia: utoke wewe, ili mwenzako asogee. Wote wamekwenda kumdaka yeye, mwenzake kapita."

Nikamgeukia Baraka. "Ulijua utatoka?"

"Nilijua."

"Na siku ndiyo hii ya kuupiga mbali?"

"Ndiyo hii."

"Sasa kwa nini?"

Akainua mabega. "Si timu inahitaji, Bibi?"

Wakanirudisha kwenye kiti, Lin kanishika mkono wa kulia na mlinzi wa kushoto, heshima tupu. Anayefuata akaupiga mpira juu, ukadakwa mbali sana, na yule wa kigodoro cha tatu akatumia nafasi hiyo akakimbia akaingia. Bao. Wakashinda. Na unajua walimkimbilia nani kwanza? Walikwenda kumpiga Baraka makofi ya kichwani kwenye ile kofia ngumu, naye kanga yangu bado iko shingoni. Nikapiga vigelegele mpaka wazazi wa Kichina wakaacha kula. Mama mmoja akajaribu na yeye. Hakuweza, lakini alijitahidi.

Baada ya mechi kocha alituita pembeni. Ester alikuwa ameshafika, ana vumbi la marobota kichwani, na hiyo habari ya uwanjani ameshaipata kwa watu wawili tofauti. Lin akatafsiri. Kocha alisema vijana wote alionao wanataka kuupiga mbali, kila mmoja anataka ukuta. Ukimwambia kijana atoke ili mwingine apite, anajifanya hajaona mikono. Baraka mikono ameiona, ameitazama mara mbili, na ametii siku ambayo kutii kungemgharimu. Anamtaka mwaka mwingine, acheze na awakalie wale vijana karibu, wajifunze kwake.

Ester akasema, "Mkono tulipeana." Akamvuta mwanawe akamfuta jasho kwa ile kanga, kwa nguvu kidogo, kama bado anamdai utoto.

Jumatatu mzigo ulikwenda Nansha na Lin, na sisi tukarudi Baiyun, Baraka akitusindikiza. Njia nzima nilikuwa najiuliza nilichojifunza, maana nyumbani mtaniuliza. Nimejifunza kwamba nilikwenda kwa Mungu kuomba mtoto aachishwe kazi ambayo sijawahi kumwona akiifanya. Nilidhani anaachwa kila mahali kwa sababu hawezi. Kumbe anaweza kitu ambacho watu wengi hawakioni wakiwa wamekaa kwenye viti, na mimi nilikiona nikakitupia kanga nikidhani ni aibu. Nikamwambia Baraka hivyo, pale kwenye foleni ya mizigo. Nikamwambia na ile sala yangu, yote.

Hakukasirika. Akacheka, akainama sikio lifike usawa wa mdomo wangu, ndivyo anavyofanya tangu anipite urefu.

"Na mimi nikwambie, mke wangu. Huko nyuma nilikuwa nawaficha kwa sababu nilikuwa naona haya. Sitaficha tena. Siku mwili ukikataa, sitangoja kocha aniambie. Nitakupigia wewe kwanza, kabla ya Mama, kabla sijavua viatu. Uje na kanga yako, uingie uwanjani, unichukue. Na siku hiyo nitakufuata bila neno."