Pua ya Bi Mwanarusi

Miaka ile, kule Gombato, siku ya shughuli sufuria haikupanda motoni mpaka mtu aulize kwanza, "Bi Mwanarusi ameshanusa?" Akijibiwa naam, kuni husukumwa ndani. Akijibiwa bado, hata kama wageni wameanza kukohoa barazani kwa njaa, moto ulingoja.

Haikuwa kazi ya mshahara wala cheo cha serikali. Alikuwa mjane mfupi, wa maneno machache, asiye na mtoto, na Mungu alimpa pua. Mchuuzi mmoja aliwahi kumwapia kwamba kolekole wake kavuliwa alfajiri, naye akamuuliza tu, "Alfajiri ya lini, mwanangu?" Watu wakaangua kicheko, mchuuzi mwenyewe akacheka kwa aibu, na kolekole akarudi kapuni. Tangu Uhuru, hapana aliyepata kuharisha katika harusi, maulidi wala matanga ya mtaa ule, na sifa zote zilikwenda kwenye pua hiyo moja.

Sasa niseme jambo ambalo mwenyewe hakulisema. Pua ile ilikufa mwaka wa sitini na tisa.

Alishikwa na mafua makali yaliyomlaza majuma mawili. Alipopata nafuu alibandika wali, akaketi hatua moja na jiko akikuna nazi, moyo wake umetulia. Jirani yake Mbeyu akaja mbio kutoka nyumba ya pili, kanga yaburuzika. "Weye! Wali wote waungua, nawe waukodolea macho!" Na kweli, wali ulikuwa umegeuka makaa. Mwanarusi akasema alisinzia. Huo ukawa uongo wake wa kwanza.

Mbeyu alipoondoka alifunga mlango, akanusa limau, akanusa karafuu, akanusa udi, akafungua hata chupa ya mafuta ya taa. Alikuwa kama anayenusa maji. Alilia siku ile, tena alilia sana.

Mtu atauliza, mbona asiwaambie watu? Ni rahisi kuuliza ukiwa umeshiba. Bila ile pua Mwanarusi alikuwa nani? Mjane wa kuletewa ukoko baada ya wengine kula. Kwa ile pua, alitumiwa mtu aje kumwita, alitandikiwa mkeka, na wanawake wenye waume na wana kumi walisimama kungoja aseme neno moja. Alilipenda lile neno. Nani asingelipenda?

Basi alijifunza, na haki yake tumpe, alijifunza vyema. Samaki alimfunua shavu akatazama kama matamvua yangali mekundu. Alimtazama jicho, kama limetuna au limezama. Alimbonyeza ubavuni, na shimo lisiporudi, samaki huyo kwake alikuwa mzoga. Mayai aliyatia majini, lenye kuelea akalitupa. Maziwa alichemsha kijiko kimoja kwanza, aone kama yatakatika. Baada ya yote hayo ndipo alipokisogeza kitu puani, akafumba macho, akahesabu moyoni moja mpaka tatu, akasema, "Safi." Watu waliona macho yale yaliyofumbwa tu. Kazi iliyotangulia hawakuiona.

Hata hivyo hofu haikumtoka. Kila usiku wa shughuli alilala akisikiliza kama kuna mlango wa choo unaolia.

Mwaka wa sabini na mbili duka jipya likafunguliwa Diani, barabara ya hoteli. Watu waliliita duka la kikapu, maana hukumwambia mtu nipe hiki nipimie kile. Ulichukua kikapu cha waya mlangoni ukajitembeza mwenyewe. Boga, mtoto wa kaka yake Mwanarusi, aliajiriwa pale kupanga vitu. Alipewa koti jeupe, na tangu siku ile akaanza kutembea kama mtu aliyemeza mpini.

Boga alimpenda sana shangazi yake, akamchukua siku moja akaone. Mwanarusi alishika kikapu kwa mikono miwili kama amebeba mtoto wa watu. Alipofika kwenye mikate akaibonyeza mmoja mmoja. Bwana msimamizi, mtu wa bara, akamjia mbio.

"Mama, usiguze guze! Hii si soko!"

"Naujaribu, bwanangu. Nisipoujaribu nitajuaje?"

"Soma karatasi. Kila kitu kimeandikwa."

Boga alitamani ardhi immeze. Akamvuta shangazi yake mpaka kwenye sanduku kubwa la barafu lililokuwa likinguruma pembeni, likiendeshwa kwa jenereta iliyokuwa nyuma ya duka. Akatoa vipande viwili vya samaki vilivyofungwa kwa nailoni, akavigonganisha. Vililia ko-ko-ko, vikavu kama mawe.

"Huyu ni samaki?" Mwanarusi akauliza. "Kichwa chake kiko wapi?"

"Kimekatwa, shangazi. Ngozi pia. Ni mnofu mtupu."

"Sasa nitamwangalia jicho gani?"

Boga akacheka. Mwanarusi hakucheka. Alikuwa akiwatazama wanunuzi wengine, Wazungu na wapishi wa hoteli, wakitumbukiza vitu vikapuni bila kufunua, bila kubonyeza, bila kunusa. Wote walikuwa wamemwachia mtu mwingine pua zao, mtu wasiyemjua, aliyeandika karatasi. Jambo lile lilimfurahisha kwanza, maana kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu alikuwa mahali ambapo yeye na watu wote walikuwa sawa. Kisha, akiwa njiani kurudi, likaanza kumtisha.

Miezi michache baadaye Mwanasha, dada yake Boga, akaposwa na kijana wa Msambweni. Harusi ikapangwa Jumamosi. Wageni wa upande wa bwana walikuwa wengi kuliko mbuzi wawili waliopatikana, na samaki wazuri siku zile walikuwa wakiishia hotelini kabla hawajakauka maji. Boga akasema watu wasiwe na wasiwasi. Asubuhi ya harusi akaja na gari la duka na katoni nne za samaki.

"Bwana msimamizi kanipa bure," akasema. "Zawadi ya bibi harusi."

Vigelegele vikapigwa. Mwanarusi, aliyekuwa ameshatandikiwa mkeka wake kando ya majiko, hakupiga. Yule bwana aliyeona uchungu mkate wake kubonyezwa, leo atoe katoni nne bure? Lakini mkono mtupu haulambwi, na mkono uliojaa haukaguliwi. Akanyamaza.

Boga akaenda kuvaa kanzu. Wanawake wakafungua katoni, na Mwanarusi akasogea.

Dukani vile vipande vilikuwa mbalimbali, kila kimoja na nailoni yake, vikigongana. Hivi vilikuwa vimeshikana ubao mmoja, kama tende zilizokandamizwa. Ndani ya katoni, chini kabisa, barafu ilikuwa nyekundu nyekundu, imeganda pembeni, na karatasi za juu zilikuwa zimekunjamana kama ngozi ya mtu aliyeshinda majini. Barafu haisogei yenyewe mpaka pembeni. Ili ifike pale lazima kwanza iwe maji.

Alilijua hilo. Lakini je, iliyeyuka kwa muda gani? Saa moja njiani, au siku nzima? Hapo palihitaji pua, na wanawake arubaini walikuwa wamesimama wakimtazama ya kwake.

"Mwanarusi, mama, wageni wameshatoka Msambweni," akasema mke wa kaka yake. "Nusa tubandike."

Kipande kimoja kilikuwa kimeanza kulainika ndani ya beseni. Akakiinua, akafumba macho kwa mazoea, akahesabu moja, mbili, tatu. Hakuna kitu. Akabaki vivyo hivyo, macho kafumba, maana alijua akiyafumbua itabidi aseme.

Angeweza kusema "safi", kama alivyosema mara mia. Labda kweli vilikuwa safi. Angeweza pia kusema "vimeoza", watu wangemwamini, na zawadi ya Boga na jina la Boga vingekwenda jaani kwa kubahatisha. Njia zote mbili alizipima, na zote mbili zilikuwa na uongo uleule ndani yake. Akamkumbuka Mwanasha ndani, mikono ina hina mbichi, akingoja kuwalisha wakwe zake chakula chake cha kwanza.

Akafumbua macho.

"Mimi sinusi," akasema.

"Hutaki kunusa?"

"Siwezi. Pua yangu ilikufa ule mwaka wa mafua. Hata udi siusikii."

Walidhani ni mzaha, wawili watatu wakacheka. Walipomwona uso wake kicheko kikakatika.

"Na kolekole wa maulidi?" mmoja akauliza.

"Sikumnusa."

"Na nyama ya matanga ya mume wangu?"

"Niliitazama tu. Nikaibonyeza."

"Ya Rabi! Basi miaka mitatu hii nani alikuwa akitunusia?"

Jibu walilijua wote kwa pamoja. Hakuna. Mtaa mzima ulikuwa na pua, na hata moja haikutumika. Kila mmoja aliuliza kama Bi Mwanarusi ameshanusa, akaenda zake kuchambua mchele.

Mke wa kaka yake akakasirika, akasema maneno makali ambayo sitayarudia kwa kuwa baadaye aliomba radhi. Beseni likaanza kupita mikononi. Mmoja akasema lanuka, wa pili akasema ndivyo samaki wa barafu walivyo, wa tatu akasema lanuka sabuni, kumbe ni mikono yake. Mbeyu akainama akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. "Mie nasikia ugoro," akasema, "lakini huo ni wangu." Hapo hata waliokuwa wamenuna walicheka, ila Mwanarusi machozi yalikuwa yakimtoka.

Boga akatokea na kanzu yake nyeupe, amekasirika. Alikuwa ameambiwa wanawake wameidharau zawadi.

"Shangazi, wataka kunivunjia uso? Bwana wangu akisikia?"

"Shika," Mwanarusi akasema, akamnyooshea kile kipande. "Mimi sina pua, nishawaambia watu. Yako ni nzima. Nusa wewe."

Boga hakukipokea. Alirudi nyuma hatua moja, na macho yake yakakimbilia kwenye katoni, kisha kwenye ardhi. Mwanarusi alikuwa amekaa miaka mitatu akisoma vitu kwa macho, na uso wa mtu si mgumu kuliko samaki.

"Boga, hivi viliyeyuka lini?"

"Jenereta ilikufa Jumanne asubuhi," akasema kwa sauti ya chini. "Fundi alifika Alhamisi jioni. Vitu vyote vilikuwa vikiogelea. Tuliambiwa tuvigandishe upya, na atakayefungua kinywa asirudi kazini."

"Nawe ukatuletea sisi? Siku ya dada yako?"

"Nilijua utanusa!" Sasa alikuwa karibu kulia, mtu mzima na kanzu yake. "Nilisema moyoni, vikiwa vibovu shangazi atasikia, atavikataa yeye, wala si mimi niliyesema. Nilikutegemea wewe, shangazi."

Maneno yale yalimwingia Mwanarusi kuliko matusi ya wifi yake. Alitaka kumkemea, akakosa pa kusimama. Na yeye, alipoziona zile katoni, si alijiambia kwamba Boga ni mtu wa duka, kama kuna kasoro Boga angesema?

Kaka yake, Mbwana, akaagiza shimo lichimbwe nyuma, la kina, kwa sababu ya mbwa. Wanawake wakatoa magunia ya kunde, nazi zikaanza kukunwa upya, na Mbeyu akapaza sauti kwamba wakwe wa kweli hula kunde. Mwanarusi akapangusa uso kwa ncha ya kanga. Alipoona katoni ya mwisho ikifukiwa, akamrudia Boga.

"Na zilizobaki dukani? Wamezimwaga?"

Boga akatikisa kichwa. "Ziko mbele, shangazi. Zauzwa tangu jana."

"Wale wenye vikapu wajua?"

"Watajuaje? Karatasi ni ileile."

Mwanarusi alimtazama tu, na Boga akaelewa anachoambiwa.

"Nitafukuzwa, shangazi."

"Utafukuzwa," akakubali, maana hakutaka kusema uongo mwingine siku ile. "Mimi nimefukuzwa asubuhi hii mbele ya wanawake arubaini, nami ningali nimesimama. Nenda uwaambie wenye vikapu, kisha urudi tumuoze dada yako."

Wageni wa Msambweni walipokuwa wakiingia mtaani kwa ngoma, walipishana na kijana aliyekuwa akinyonga baiskeli kwa nguvu kuelekea Diani, kanzu ameikunja mpaka magotini. Wakauliza ni nani huyo anayekimbia harusi. Wakaambiwa ni kaka wa bibi harusi.