Wazito Wabaki Nyumbani

Nafundisha darasa la pili katika shule moja upande wa Mpui, na naomba mtu asiniambie kwamba watoto wa darasa moja wako sawa. Anayesema hivyo hajawahi kusimama mbele yao asubuhi. Nusu yao wameng'oka meno ya mbele, ukiwafundisha "sa" unapata upepo mtupu. Wengine nyumbani kwao ni Kifipa mwanzo mwisho, Kiswahili wanakivaa shuleni pamoja na sweta. Wapo waliopitia chekechea mjini Sumbawanga, hao wanaringa. Na mwaka jana alikuwepo binti wa wafugaji waliohamia kwetu kutoka Usukumani, aliyeanza shule amechelewa, mrefu kuliko wenzake wote, magoti hayaingii chini ya dawati.

Wenzake walikuwa wanasoma kwa kuimba. Nikiandika hadithi ubaoni, wakiisikia mara chache wameshaikariri. Hata ukiwafungulia ukurasa mwingine kabisa wanaimba ile ile, tena kwa madaha. Binti huyu hakuimba. Aliweka kidole chini ya silabi, akaikazia macho, akaitamka, ndipo akahamia inayofuata. Ungeweza kuchemsha chai yeye akiwa kwenye sentensi moja. Lakini alichokisoma kilikuwa kimeandikwa pale, na ukimuuliza maana yake anakueleza. Kwangu mimi huyo ni msomaji. Kwa mwalimu mkuu alikuwa mzigo.

Mwisho wa mwaka huja afisa kutoka wilayani kuwapima watoto kusoma. Wanaingia mmoja mmoja, naye anawawekea muda kwenye simu. Siku zilipokaribia, mwalimu mkuu aliniita ofisini.

"Madam, wale wazito wabaki nyumbani siku hiyo. Watatushushia wastani."

"Na asiyepimwa anakuwaje?"

"Atarudia darasa. Kwani kurudia ni dhambi?"

Binti alikuwa amesharudia mara moja. Baba yake alikuwa ameniambia mbele ya wazazi wenzake kwamba akirudishwa tena anamtoa shule, akachunge ng'ombe, biashara imeisha. Kwa hiyo nilimjibu mkuu, kwa heshima zote, kwamba mimi siwezi kumwambia mtoto asije shule. Kesho yake akawatangazia mwenyewe mstarini, na kuwataja mmoja mmoja, binti akiwemo, watoto wengine wakicheka.

Siku ya kupimwa sikumwona binti darasani. Nilikasirika. Mtoto anafukuzwa kwa kosa la kukua kwa mwendo wake! Nilichukua baiskeli ya mwalimu mwenzangu, ruhusa nikaiomba nikiwa nimeshapanda, nikaenda hadi kwao. Baba yake alikuwa zizini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Kuna nini?"

"Nimemfuata binti. Leo wanapimwa."

"Si mmesema wenyewe wazito hamwataki? Nyie mnatuchezea."

"Aliyesema si mimi. Mimi ndiye ninayemfundisha, na nasema anasoma. Ikiwa nakudanganya, mtoe shule, sitakanyaga tena hapa kukusumbua."

Alinipima kwa macho, kisha akaita. Binti alitoka ndani amevaa sare. Baba yake alisema ameivaa tangu alfajiri na hakuna aliyemtuma.

Tulifika afisa akiwa amebakiza watoto wawili. Binti alipewa hadithi ya kuku aliyepotelea kwenye shamba la ulezi. Akaweka kidole, akaanza. Nilisimama mlangoni, mwalimu mkuu nyuma yangu, namsikia anavyohema. Simu ikalia binti akiwa hajafika hata nusu.

"Basi, binti yangu, inatosha," afisa alisema kwa upole.

Hakuinua uso.

"Sijamaliza," alisema, akaendelea.

Afisa alinitazama mimi, akamtazama mkuu, kisha akaiweka simu mfukoni na kusubiri. Binti alisoma mpaka nukta ya mwisho. Alipoulizwa maswali alijibu yote, na akaongeza bila kuulizwa kwamba kuku yule alikuwa mjinga kwa sababu ulezi wenyewe ulikuwa haujakomaa. Afisa akacheka, mimi nikatoka nje kufuta machozi.

Wastani ulishuka, sikatai. Mwalimu mkuu alinisema kwenye kikao cha walimu, eti nimeiaibisha shule kwa ukaidi wangu. Nilikuwa nimekaa, nikasimama ili anisikie vizuri. Nikamwambia kwamba binti yuko darasa la tatu, kwamba mwaka huu ninao wengine wanne kama yeye, na siku ya kupimwa wote watakuwepo.