Nilimwambia Mke Wangu Ashike Mfereji kwa Mkono Mzima

Nimekosa. Wacha niseme mapema kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea nakujua kuliko kazi yangu.

Mimi siamini Mungu, malaika, mapepo wala mizimu. Pale mtaani Pipeline tunapoishi, ghorofa ya sita, wapangaji wananiita Profesa, na si kwa heshima. Kazi yangu ni kukagua biskuti kiwandani Industrial Area. Pakiti ikiandikwa gramu mia mbili, siamini hadi niiweke kwa mizani. Nilijivunia hilo sana. Nilikuwa nikimwambia kila mtu kwamba mimi ni mtu wa ushahidi. Lo!

Mke wangu nitamwita Mama Neema. Yeye ni msusi, na ni mtu wa kanisa. Tulihamia hiyo nyumba baada ya mzee aliyekuwa akiishi humo kufariki, na majirani hawakuchelewa kutueleza. Mama Brayo wa mlango wa pili alisema mzee hajaondoka, ati husalimia watu kwa mkono bafuni. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Sasa sikiliza ubaya wangu.

Jumapili moja Mama Neema na mtoto wakiwa kanisani, mimi naoga huku nikipiga mluzi. Nikashika mfereji nifunge maji. Kitu kikanishika! Kikanibana vidole, kikapanda hadi kwenye kiwiko, nywele za mkono zikasimama. Nilitoka mbio na sabuni masikioni, na mdomo wangu, huu huu, ukaita Yesu. Haki ya Mungu! Ona sasa, hata kuapa sina pa kuapia.

Nilikaa kitandani, sabuni ikinikaukia. Unafikiri nilirudi kuchunguza? Wapi! Nilichukua simu nikatafuta maneno ya kunituliza. Nikapata ya maji baridi, ya mishipa, ya damu, na ya akili kuhisi kile ilichoambiwa itahisi. Nikachagua hayo ya akili kwa sababu ndiyo yalikuwa marefu. Nikajiambia yamekwisha.

Lakini tangu siku hiyo nikawa naoga na patipati za mpira miguuni, na mfereji naufungua kwa tambara kavu. Kila siku! Kichwa kinasema hakuna kitu, mkono unatafuta tambara. Na mke wangu sikumwambia hata neno moja. Ningemwambia nini, kwamba Profesa amesalimiwa?

Hazikupita wiki mbili, naye akatoka bafuni amejishika mkono, uso umembadilika. Akasema kuna mtu amemshika. Akaomba pasta wake aje aombee nyumba. Huyo pasta ana kanisa la mabati nyuma ya soko, na Jumatatu hadi Jumamosi ni fundi wa stima. Nikasema hakuna mtu atakuja kukemea mfereji kwangu. Nikamwambia mtu akiambiwa kuna siafu kitandani, atajikuna hata kama hakuna hata mmoja. Nikaeleza, nikaeleza, mpaka nikajipenda.

Alinisubiri nimalize. Kisha akaniuliza polepole, "Baba Neema, wewe hujawahi kusikia kitu humo?"

"Sijawahi," nikasema. "Kwa sababu hakuna kitu."

Mengine yote naweza kuyaita ujinga, lakini hilo lilikuwa uongo. Tena jioni hiyo nikaandika kisa chake kwenye kundi letu la mtandaoni la wasioamini, jinsi hofu inavyoweza kumfanya mtu ahisi mkono wa maiti. Walinipongeza sana. Mmoja alisema natakiwa niandike kitabu.

Mama Neema akaanza kuoga kwa beseni, maji anayatoa jikoni. Ikaniuma. Niliona plot nzima, jengo lote na wapangaji wake, itasema Profesa ameshindwa kumfundisha hata mke wake. Basi Jumamosi nikaamua kumtibu. Nikamwambia dawa ya hofu ni kuikabili, aingie, ashike mfereji kwa mkono mzima, ahesabu mpaka tano, ataona mwenyewe. Nikasimama mlangoni nimekunja mikono kama mwalimu wa zamu. Alikuwa miguu mitupu, sakafu imelowa. Alinitazama kwanza. Halafu akashika, kwa sababu ni mimi nilimwambia.

Hakufika mbili. Alipiga yowe, akajitupa nyuma, akaangukia ile ngazi ndogo ya mlangoni, mkono wa kulia chini yake. Nilisikia mfupa. Woi, wacha tu.

Tuliporudi kutoka hospitali, mkono umefungwa plasta, tulimkuta pasta mlangoni na mkoba wake. Mama Brayo ndiye aliyempigia simu, naye akaingia nyuma yetu. Mimi nilijiandaa kwa mafuta na kelele. Akafungua mkoba akatoa testa, ile bisibisi ya kupimia stima. Akaigusa kwenye mfereji, kitaa chake kidogo kikawaka. Alizima swichi kubwa, akaifungua shawa ya kupasha maji iliyo juu ya mfereji, akatuonyesha waya uliochunika unagusa bomba la chuma. Na ule waya wa kupeleka stima ardhini haukuwa umefungwa popote.

Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama haombi.

"Maombi baadaye," akasema. "Mungu hajakataza testa."

Kisha akauliza yule mzee alikufa vipi. Mama Brayo akajibu kwamba alipatikana chini bafuni, maji yakiendelea kumwagika, na watu wakasema ni presha.

Hebu fikiria! Plot nzima ilikuwa ikisema kilichomuua mzee bado kimo bafuni. Walikosea jina tu. Mimi niliyekuwa na jina zuri la kila kitu ndiye niliyekosea yote. Ushahidi nilikuwa nao mkononi mwangu mwenyewe, ulipanda mpaka kwenye kiwiko, nami nikaufunika kwa tambara!

Pasta alipomaliza kazi aliomba, na mimi nikainamisha kichwa. Sijaokoka, bado siamini. Lakini mtu ametoka kukufungia waya uliotaka kukuulia mke, utamnyima dakika tano za kufumba macho?

Wiki iliyofuata moyo ukakataa kubeba. Nikamwambia Mama Neema kila kitu, ile Jumapili, patipati, tambara. Hakulia wala hakupandisha sauti.

"Ningeolewa na mtu anayeogopa mapepo," akasema, "angalau angetoka mbio na mimi."

Mfupa umeunga, lakini vidole viwili bado vina ganzi, na kusuka nywele ni vidole. Wateja wake wa miaka mingi wameanza kwenda kwa wengine, na akiwaona barabarani anajifanya anatafuta kitu kwa mkoba. Hajaniacha. Ila siku hizi nikimwambia mvua inanyesha, anaenda dirishani kuangalia. Nikimwambia chai ina sukari, anaonja kwanza. Simlaumu hata kidogo.

Wewe unayesoma, kama huamini, usiamini, hilo ni lako na roho yako, kama unayo. Lakini mtu wa nyumba yako akikwambia ameshikwa na kitu, usimpe somo. Tafuta fundi mwenye testa. Na kama wewe mwenyewe uliwahi kushikwa, hata mara moja, hata kidogo, mwambie siku hiyo hiyo. Atakucheka, plot itakucheka, na kesho watakuwa wamesahau. Mimi niliogopa kuchekwa, na mkono uliolipia woga wangu si wangu.