Dada wa Dereva

Kwa miaka ishirini aliendesha gari la wagonjwa la hospitali ya serikali, wenzake wakimwita Ving'ora. Kwenye mkutano wa kujadili mageuzi ya huduma za afya, mgeni rasmi alisema wajawazito wanakufa kwa sababu wanachelewa kuja, waelimishwe.

Ving'ora akasimama.

“Mheshimiwa, dada yangu hakuchelewa. Uchungu ulipoanza alinipigia simu. Gari halikuwa na matairi, mwezi wa tatu mfululizo huo. Tukamsukuma kwa mkokoteni, akatufia njiani.”

Mgeni rasmi akatazama saa yake.

“Pole sana, ndugu. Hilo tutalijadili kwenye mengineyo.”

Mengineyo yalipofika, wageni walishaondoka. Katibu alibaki na kalamu yake.

“Niandike nini, kaka?”

“Andika kwamba alipiga simu mapema.”