Gari la Bi. Rukia Halikuwa Bovu

Nikiikumbuka ile wiki ya gari la Bi. Rukia, mwanangu, hadi leo nasonya peke yangu, na mke wangu huniuliza nani tena kaniudhi. Hakuna aliyeniudhi. Ni mimi mwenyewe wa miaka ile, mtu wa miaka thelathini na miwili mwenye gereji ya mabati pale Riruta, kando ya Naivasha Road, niliyejiona najua kila kitu kinachonguruma. Nakusimulia wewe kwa sababu nimesikia umeanza ufundi. Tena juzi tu, Dagoretti Corner, nilimwona fundi wa rika lako akichomeka kikompyuta chake kwenye gari la mama mmoja. Mama wa watu alikuwa amefungua mdomo aeleze, naye akamkata: "Mathe, hii ni valvu tu. Leta ingine tuweke." Nilitaka kumkwida shati. Nikaondoka zangu, maana niliyemwona pale ni mimi.

Basi sikiliza, na uache simu hiyo kidogo.

Gari lenyewe lilikuwa nyumba. Dizeli refu, jeupe, usukani upande wa kushoto, na ndani mna kitanda, jiko la gesi, friji, choo na bomba la maji. Mzungu mmoja alikuwa amezunguka nalo Afrika mpaka akachoka akiwa hapa Nairobi, akaliuza. Aliyelinunua ni Mzee Abdalla, mtu wa Mombasa aliyeuza vitambaa mjini kati karibu maisha yake yote. Usidhani alilinunua kwa anasa. Mkewe, Bi. Rukia, alikuwa ameumia mgongo, na hakuweza kuketi zaidi ya dakika kumi. Basi linataka uketi, ndege inataka uketi. Mzee alichonunua ni kitanda, hayo magurudumu yalikuja nacho.

Na walikuwa na safari isiyongoja. Dada mkubwa wa Bi. Rukia, Bi. Fatuma, alikuwa anahama Mombasa kwenda kuishi na mwanawe Maskati, moja kwa moja. Ndege yake ilikuwa Ijumaa saa kumi jioni. Dada hao wawili hawakuwa wameonana kwa miaka sita, na kwa mgongo wa huyu na uzee wa yule, wote walijua kwamba wasipoonana wiki hiyo hawataonana tena. Mzee Abdalla aliniambia haya yote Jumatatu asubuhi akiwa amesimama mbele yangu. Siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Walikuwa wameanza safari tayari. Vijana wa jirani walikuwa wamemteremsha Bi. Rukia kutoka ghorofa ya nne, akiugulia kila ngazi, wakamlaza kitandani mwake garini. Halafu Mzee akaingiwa na hofu.

"Linalia, fundi," aliniambia. "Krrr, krrr, kama mtu asagaye meno usingizini. Sitaki linizimikie katikati ya Tsavo, na mke wangu hawezi hata kuketi."

Nikamuuliza linalia wapi. Akasema mbele. Nikamuuliza lini. Akasema wakati wote. Mwanangu, Alhamisi ndipo nilipojua kwamba Mzee Abdalla mwenyewe alikuwa hajaisikia ile kelele vizuri hata mara moja, masikio yake yalishachoka. Alikuwa ananiletea maneno ya mkewe, na nusu yake yalipotea hapo hapo kati ya mlango wa nyuma na wa mbele.

Nikawasha injini. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye injini na mpini sikioni, kama nilivyofundishwa. Upande wa pili wa ukuta wapiga bati walikuwa wakigonga kama waliolaaniwa. Sikusikia chochote cha ajabu. Injini ilikuwa nzuri, inanguruma kwa utulivu. Mtu mwenye akili angesema, Mzee, mimi sijui, ngoja nifikirie. Lakini mimi nilikuwa nimesimama na wenzangu wawili wananitazama, na jina langu lilikuwa limepakwa rangi kubwa langoni. Nikajipangusa mikono kwa kitambaa, polepole, kama daktari.

"Hiyo ni beringi ya alteneta, Mzee. Hakuna kingine."

Nikafungua.

Hapa nikuambie jambo la gereji zetu ambalo wewe pia utafundishwa, kama bado. Gari likiingia, fungua kitu upesi. Toa mkanda, toa radieta, toa chochote. Gari lililofunguliwa haliwezi kwenda kwa fundi mwingine. Hatukuona kwamba ni ubaya, ilikuwa desturi tu, jinsi kinyozi anavyokufunga shuka shingoni kabla hujabadili nia. Na mimi kwa kufungua nilikuwa hodari kupita wote.

Jumanne beringi mpya ya ile mashine ya kuchaji betri ilikuwa ndani. Nikawasha, nikaliendesha hadi barabarani na kurudi, nikazima, nikatoka mbio kwenda kwenye gari jingine. Mzee akaenda dirishani kwa mkewe, wakanong'ona, akarudi akitikisa kichwa. Nikasema basi ni pampu ya maji ya nyumba, ile inayosukuma maji ya kuoshea vyombo. Jumatano nikaitoa. Wakanong'ona, akarudi akitikisa kichwa. Nikatoa friji. Kwa nini friji? Usiniulize. Nilikuwa nimeshikwa na hasira, na fundi mwenye hasira na spana mkononi ni balaa tupu.

Na Bi. Rukia wakati wote huo alikuwa humo humo garini. Kumpandisha tena ghorofa ya nne ili wamteremshe kesho lilikuwa jambo la kumuua, kwa hiyo wakaona bora walale gerejini kwangu, ndani ya nyumba yao. Ikawa ninafanya kazi mbele, yeye amelala nyuma. Kila baada ya muda aligonga kioo kwa kidole.

"Fundi, mwanangu, hebu njoo nikwambie."

"Nakuja, Mama," nasema, na siji. Namtuma mtu ampelekee chai. Jumatano ile alikunywa chai yangu mara nne, maskini, kwa sababu kila alipogonga nilidhani ana kiu. Fikra kwamba mwanamke aliyelala chali angekuwa na la kuniambia kuhusu dizeli haikunipitia kichwani hata kwa bahati mbaya.

Alhamisi nikatoa radieta na pampu ya maji ya injini. Wakati huo nilikuwa nimekata tamaa, lakini mikono ilikuwa haijapata habari. Injini iko wazi, mabomba yananing'inia, na Mzee Abdalla amekaa kwenye tairi kuukuu akihesabu saa kwa vidole. Karibu saa sita mchana kioo kikagongwa tena. Safari hii aligonga kwa kijiko, na hakuacha. Aligonga mpaka wapiga bati upande wa pili wakanyamaza kusikiliza ni nani anayewazidi.

Nikaingia ndani nimenuna. Alikuwa mwanamke mwembamba, leso ya maua kichwani, macho makali.

"Keti," akaniambia. Nikaketi kwenye ukingo wa kitanda. "Mume wangu hasikii vyema. Mimi ndiye nisikiaye. Gari hili halilii likenda. Lalia ukishalizima. Wazima, wahesabu mbili, ndipo lalia hapa mbele ya mto wangu, kwa sekunde nne au tano, kisha kimya. Asubuhi likiwa na baridi halilii. Na halijawahi kuzimika wala kukosa nguvu. Nilitaka ujue tu."

Mwanangu, uso ulinichoma. Siku nne nilikuwa nasikiliza injini inayonguruma, wakati kelele yenyewe huja ikishanyamaza. Na kila nilipozima nilikuwa nimeshakimbilia kazi nyingine, na nyundo za jirani zinafunika kila kitu. Mtu pekee aliyekuwa amelala kimya, kichwa chake kikielekea injini, ni yeye.

Nikampigia simu Mzee Njenga wa Kinoo, aliyenifundisha kazi, mtu wa malori na magari makubwa ya dizeli. Nikamrudia maneno ya Bi. Rukia moja baada ya jingine. Hakufikiri hata kidogo.

"Hiyo ni EGR inajisafisha," akasema. "Ukizima, inafungua na kufunga, inapukuta masizi. Magari mengine yametengenezwa hivyo. Hiyo si ugonjwa. Hiyo gari ingeenda Mombasa na irudi. Kwani umefanya nini?"

"Nimefungua, Mzee."

"Umefungua nini?"

Nikamtajia.

"Nani alikutuma ufungue kabla ujue?" akauliza, na kabla sijajibu akakata simu.

EGR ni valvu inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ichomwe tena, ili moshi mbaya utoke kidogo. Moshi wa dizeli una masizi, na masizi huganda pale. Ya gari lile ilikuwa imeanza kuwa nzito, ndiyo maana ilisaga kwa sauti. Nikaitoa, skrubu nne tu, nikaisugua kwa petroli na mswaki wa zamani, nikairudisha. Kazi ya saa moja. Na hata hiyo saa moja ingengoja mpaka warudi kutoka Mombasa, kwa namna valvu ilivyokuwa bado inafanya kazi.

Lakini gari lilikuwa limefunguliwa. Nilifunga mpaka giza likanizuia, halafu gasketi ya pampu ya maji, ile ya kuzuia maji yasivuje, ikakatika mkononi mwangu, na maduka yamefungwa. Nikaipata Ijumaa asubuhi. Saa tatu ndipo gari liliwaka. Niliosha mikono, nikamwambia Mzee Abdalla kwamba nitaendesha mimi. Alinipa ufunguo.

Niliendesha nyumba ile kama mwendawazimu, usukani uko kushoto, siwezi kuona mbele ya lori ninalotaka kulipita, na kila shimo nililopiga nilimsikia Bi. Rukia nyuma akivuta pumzi kwa maumivu. Nikipunguza mwendo, tunachelewa. Nikiongeza, namuumiza. Kufika Mtito Andei nilikuwa nimeshajua kwamba hatufiki, na nadhani wao walijua kabla yangu.

Saa nane na nusu tukiwa Voi simu ya Bi. Rukia ikalia. Nikaegesha kando. Dada yake alikuwa uwanja wa ndege, wanamwita aingie.

"Niko Voi, dada," nikamsikia akisema. "La, hatuwahi. Gari liliharibika. Wajua magari." Akasikiliza kwa muda. "Niwie radhi, dada, kwa yote niliyokukosea. Nami nimekuwia radhi. Nenda na salama."

Akaiweka simu kifuani. Mzee Abdalla alikuwa ametazama dirishani.

"Fundi."

"Naam, Mama."

"Nimemwambia gari liliharibika. Sikuwa na jingine la kumwambia. Lakini wewe wajua halikuwa bovu."

"Najua, Mama."

"Siku nne nalikuita, mwanangu. Kila nikikuita, waniletea chai."

Mzee akamuuliza kama tuendelee. Akasema turudi, Mombasa sasa hana wa kumtazama. Nikageuza. Bi. Fatuma alifariki Maskati kabla mwaka wa pili haujaisha. Hawakuonana tena.

Hayo ndiyo yangu, na nimechoka kuyabeba peke yangu. Sasa nakupa neno, nawe ulishike. Kuna mtu anayeishi na hiyo kelele. Ana siku nyingi nayo kuliko wewe, hata kama hajui jina la kitu chochote chini ya boneti. Mtafute huyo huyo, si msemaji wake. Keti alipoketi, ulale alipolala ukibidi, uulize inaanza lini, inakoma lini, wakati gani haipo kabisa, kisha ufunge mdomo mpaka amalize. Kikompyuta chako chomeka, sikukatazi, lakini kiwe cha pili. Ukiwa hujui, sema sijui. Inauma kwa dakika moja tu, nakuapia, na mimi kwa kuikwepa hiyo dakika nimeumwa miaka yote hii. Na usifungue gari la mtu ili kumzuia asiondoke. Hujui anakwenda wapi, na hata akikuambia, kama nilivyoambiwa mimi, unaweza kuwa husikii.

Haya, nenda kazini, usije ukachelewa kwa ajili yangu. Mungu akupe subira niliyoikosa, aibariki mikono yako isitangulie akili, na akujalie uwafikishe watu waendako wakiwa bado wanangojewa.