Mwalimu Aliyeuliza Kuhusu Kakao

Walisema mtoto wa mama mkausha kakao wa Mulekera hatapata diploma. Ninayo, tena ya Kampala, na nimerudi kuongoza shule hapa Butembo ambako wanafunzi huuliza zaidi ya kunakili. Juzi walifika walimu wapya wa darasa la saba na la nane, kila mmoja ameshikilia chaki yake, nami nikakumbuka alasiri moja ya utotoni mwangu.

Mwalimu wetu mpya, mtu wa Kisangani, alitutoa darasani akatupeleka kwenye turubai ambako mama alikuwa akianika kakao. Harufu ya siki ilitujaa puani.

"Batoto, juu ya nini inanuka hivi?"

Akauliza tena sababu ya harufu ile. Walimu wengine walijua kila kitu, kwa hiyo nilidhani huyu hajui, na kwamba mkuu wa shule atamfukuza. Nilikuwa nimeshampenda. Nikakimbia kwa mama kuuliza, nikarudi nikamnong'oneza mwalimu: "Mwalimu, ule utelezi mutamu unaofunika mbegu unachacha kwanza. Sema hivyo, hawatakufukuza."

Hakucheka. "Aksanti, mutoto. Na kisha, ule utelezi unaendaka wapi?"

Nikarudi mbio kwa mama. Tangu hapo sijaacha kuuliza, na ndiko kulikonifikisha hapa.

Basi niliwapeleka wale walimu wapya kwa jirani anayenunua kakao, nikawauliza swali lilelile. Kisha mmoja akanisogelea kwa huruma, akaninong'oneza: "Directeur, ni ule utamu unachacha."

"Aksanti," nilimwambia, moyo umejaa furaha. "Na kisha, unaendaka wapi?"